Bodi Aliyoipitisha Safia

Kabla ya yale ya Ogal, mtu yeyote wa Kisumu aliyetaka mazabodi ya bei nafuu bila kujuta baadaye alikuwa anapandishwa ngazi za nyuma ya soko la Jubilee hadi kwa Safia. Si lazima ununue kwake. Wewe unafika na kitu chako umekifunga kwenye gazeti, muuzaji amekuahidi mbingu na nchi, unakiweka mezani, na Safia anakigeuza huku na huku bila kusema neno mpaka jasho likutoke. Mazabodi, kwa asiyejua, ni ile sahani ya ndani ya kompyuta ambayo kila kitu kingine huchomekwa juu yake. Ikiwa mbovu, hata uipambe vipi umejisumbua bure. Safia alikuwa na majibu matatu tu. Chukua. Acha. Na la tatu, ambalo alilitoa akiwa amekukazia macho juu ya miwani: chukua, lakini usije kunililia hapa.

Mwenyewe alikuwa mfupi, mnene kiasi, mikono ya buibui imekunjwa hadi kwenye viwiko, miwani ya kusomea inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alizaliwa Kaloleni, hapo hapo mjini. Baba yake, Badru, alikuwa akitengeneza redio barazani, na wenzake Safia walipokuwa wakiruka kamba yeye alikuwa amechuchumaa kando ya baba, ananusa waya zilizoungua. Mume wake, Osama, alikwenda Juba kutafuta kazi. Kazi akaipata, na mke mwingine akampata huko huko, basi habari yake ikaishia hapo. Safia akamlea binti yake Aaliyah kwa bisibisi na mashine ya kulehemu, na sasa msichana yuko chuo kikuu Bondo, anakula vizuri na kulalamika vizuri. Mjini hakuna aliyemwita Safia kwa jina lake. Alikuwa Mama Aaliyah.

Na ulimi alikuwa nao, usinifanye nifiche. Bwana mmoja wa Milimani alimletea mashine ya mwanawe ya kuchezea michezo, ina taa za rangi zote, feni nne. Safia akaifungua, akaangalia, akaifunga, akamwambia amenunua disko halafu akasahau kuweka muziki. Yule bwana alinuna, lakini mwezi uliofuata alirudi, na tena amemleta shemeji yake. Watu hurudi kwa mtu ambaye hajawahi kuwadanganya. Kule kuaminiwa ndiko kulikoleta balaa.

Beldina alipanda ngazi zile mwanzoni mwa masika, wiki moja ya radi ambazo hata sisi tuliozizoea tulikuwa tunashtuka. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, viganja vigumu, amebeba kompyuta nzima kifuani na kuiinamia mtu asije akaigonga. Radi ilikuwa imepiga nguzo ya stima karibu na kwake Ogal, na kompyuta ikafa. Safia aliifungua, harufu ikamjibu kabla ya macho. Bodi ilikuwa imeungua kabisa. Tena ilikuwa bodi kuukuu, mzigo mzito, ya enzi zile za kusubiri hadi chai ipoe ndipo skrini iwake. Safia akaitukana kidogo, akauliza kompyuta hii ilikuwa inafanya kazi gani ya maana.

Beldina akaketi, akaeleza. Alikuwa na matangi mawili ya samaki karibu na ziwa, na samaki wenyewe ni ngege. Si hawa ngege wa kuitwa tu, ambao wewe na mimi tunauziwa kwenye vibanda vya Lwang'ni ufukweni tukajilamba vidole. Alisema ngege wenyewe, wale wa zamani, ambao bibi yake alikuwa akiwachemsha kwa maji na chumvi basi, na nyumba nzima inanukia. Katika ziwa kubwa alikuwa hajamwona mmoja tangu ujana wake. Mbegu aliitoa Ziwa Kanyaboli, kwa taabu. Mara ya kwanza walimfia njiani. Mara ya pili walimfia tangini. Mara ya tatu wakashika, wakazaa, na watoto wao wakazaa. Watoto wa mwaka uliopita alikuwa amewaweka bwawani, ziwa likapanda likaja kuwachukua wote. Alipokwenda tena Kanyaboli kutafuta wengine, alichopata, kwa maneno yake, ni machotara ambao hata sura zao hakuzielewa. Kwa hiyo waliobaki ni hao wa matangini.

Na matangi yale yalikuwa yanategemea hewa. Samaki wengi, maji kidogo, jua la Ogal. Pampu zikinyamaza muda si mrefu wanaanza kuvuta pumzi kwa shida. Mpwa wake, Calvince, ndiye aliyemfungia kompyuta ile. Ilikuwa inapima hewa ya majini kwa kijiti cha waya, ikiona imepungua inawasha pampu, ikitosha inazima. Calvince sasa yuko Qatar. Tangu radi ipige, Beldina alikuwa akiwasha na kuzima kwa mkono usiku na mchana, na macho yalikuwa yameingia ndani.

"Hawa wakifa, Mama Aaliyah, sina wengine," alisema. "Na sijui nani ako nao."

Mtu akikuambia hivyo, unaingiwa na ubaridi. Safia aliingiwa nao, lakini alikuwa mtu wa kazi, na ubaridi wake aliumalizia kwenye kazi. Alimtuma Beldina nyumbani akaendelee kulinda pampu, akashuka hadi kwa Wakhisi, muuzaji wa vyombo vya kompyuta hapo chini, akarudi na mazabodi mpya ya Kichina isiyo na jina la kueleweka. Ilikuwa ndani ya kisanduku cheupe, bei yake ya kuchekesha. Wakhisi aliisifu mpaka povu likamtoka. Safia akamwambia anyamaze, bodi itajisemea.

Sasa hapa mtu asije akasema Safia alifanya kazi kwa mkono wa kushoto. Hapana. Aliisumbua bodi ile kama polisi anavyomsumbua mgeni. Aliweka prosesa ya wastani, akaipa hesabu nzito za kufanya mfululizo, akawa anagusa kwa kidole vile vijisehemu vinavyoigawia prosesa stima, maana bodi za bei rahisi hufia hapo. Vilikuwa na joto la kawaida. Alihesabu matundu ya memori, akaona nafasi ya kuongeza mara mbili. Alijaribu prosesa kubwa zaidi, aliyoazima kwa jirani, ikakubali bila kununa. Maana yake Beldina akitaka kuongeza matangi miaka ijayo, akataka na kamera, hatahitaji kununua bodi nyingine. Kulikuwa na tundu la diski ya kisasa. Kulikuwa hata na mlango wa kizamani ambao kadi ya Calvince ya kusomea kijiti iliuhitaji, jambo ambalo bodi za bei ya juu zimeshaliacha. Ukilinganisha na ile kuukuu, hii ilikuwa inaruka.

Akaingia na kwenye menyu ya ndani kabisa, ile inayoonekana kabla kompyuta haijaamka vizuri. Kuna mstari mmoja humo unaouliza: stima ikipotea halafu ikarudi, mashine ijiwashe yenyewe au ingoje mtu? Safia aliutafuta kwa makusudi, kwa sababu anaijua stima yetu. Mstari ulikuwepo. Ulikuwa umezimwa, akauwasha, akahifadhi, akatoka. Akaona hilo nalo limekwisha.

Nitakueleza kosa lilipokaa, na ukisikia utacheka au utalia. Kwa mafundi wa ile safu nzima, si Safia peke yake, bodi ikiwa mezani haina kitufe cha kuwashia. Kitufe kiko kwenye kasha, na kasha haliko. Kwa hiyo fundi anachukua bisibisi, anagusisha pini mbili kwa ncha yake, kidogo tu, na bodi inaamka. Wanafanya hivyo tangu wakiwa wanafunzi, mara nyingi kwa siku kuliko wanavyokohoa, na hawajioni wakifanya. Halafu la pili. Kwa vile stima ya mjini inaenda na kurudi ipendavyo, Safia alikuwa amejifungia betri kubwa ya gari chini ya meza, ili kazi ya mteja isikatike katikati. Mafundi wenziwe walimwonea wivu kwa betri ile. Maana yake kila bodi iliyopita mikononi mwake iliamshwa na mkono wake, na haikuwahi hata mara moja kuonja stima kupotea. Kitu ambacho Ogal kinatokea mara kwa mara, mezani kwa Safia kilikuwa hakitokei kamwe.

Alipeleka mashine yeye mwenyewe. Beldina alikuwa amepika, amefagia njia hadi kwenye kibanda cha mabati kando ya matangi. Safia akaingiza kichwa ndani ya kasha kufunga waya, na Beldina akawa amesimama mlangoni anamweleza mambo ya samaki wake, kwa furaha ya mtu aliyekosa wa kumweleza. Alisema wakati huu amewatenganisha, madume tangi lake na majike tangi lake, ili majike wapumzike wanenepe. Mvua ikishika sawasawa atawarudisha pamoja, na hapo watazaa. Akaonyesha kwa mkono, wale ni hawa na hawa ni wale. Safia akaitikia ndiyo, ndiyo, huku anasikiliza feni, maana aliihisi kama inakwaruza. Haikuwa inakwaruza.

Pampu zilipolia, maji yakachemka mapovu, Beldina akakaa chini kwenye majani na kufunika uso kwa leso. Kisha akainuka na kumuuliza lile swali ambalo ndilo lililomleta Kisumu tangu mwanzo, ingawa alikuwa hajalitamka.

"Sasa hii, naweza kuiacha peke yake?"

Angesema acha tuone wiki mbili. Angesema jaribu kwanza ukiwa karibu. Lakini Safia alikuwa ameshiba, amesifiwa, na ulimi wake ukamtangulia kama kawaida.

"Wewe nenda hata matanga, Mama, ulale huko huko," alisema. "Hii itakulindia."

Wakacheka wote wawili, na Owiti jirani, aliyekuwa akishona wavu ng'ambo ya ua, akacheka pia bila kujua wanacheka nini.

Baada ya hapo habari zilizofika mjini zilikuwa njema, na njema kupita kiasi. Mashine inafanya kazi. Samaki wananenepa. Beldina analala. Hata stima ya Ogal, ajabu, ilikuwa haijapotea tangu mashine ifike. Laban, mwenye saiba ya Kondele, duka la watu kulipia intaneti, akasikia, akanunua bodi kama ile ile na kuileta kwa Safia, anataka kujua kama abadilishe za saiba nzima. Safia akaiweka mezani. Hapo katikati Beldina akatuma ujumbe kwa simu, kwamba dada yake Dorca, aliyeolewa Sondu, amefariki. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Naenda matanga. Nitalala huko kama ulivyosema. Mungu akubariki kwa ile mashine." Safia akajibu pole, akamwombea marehemu, akaendelea na kazi.

Unajua matanga ya dada si ya kuchungulia. Huwezi kwenda asubuhi ukarudi jioni eti una samaki. Unakaa, unapika, unalia na wenzako, unalala chini na wenzako, mpaka marehemu azikwe na hata baada ya hapo. Kwa miaka mingi Beldina alikuwa amekosa misiba ya watu kwa ajili ya matangi yale, na ukoo ulikuwa umeshaanza kumsema. Hii hakutaka kuikosa.

Siku ya maziko ilikuwa Jumamosi. Kisumu ilikuwa na joto bovu, lile la kabla ya mvua, ambapo hewa inakataa kusogea na watu wanagombana sokoni bila sababu. Juu ya ziwa wingu lilikuwa limekaa tangu asubuhi, jeusi chini, halinyeshi wala haliondoki. Betri ya Safia nayo ilikuwa imevimba juzi yake, akaitoa na kuipeleka kwa fundi wa betri. Kwa hiyo stima ilipopotea, na meza yake ikafa kama za wengine. Hakujali. Alichukua fursa akaswali, akanywa chai, akamsikiliza Wakhisi akilaumu kampuni ya stima na ukoo wake wote.

Stima iliporudi, kila kitu kikaamka. Feni ya jirani ikaanza kuimba, redio ya fundi viatu chini ikaanza kubishana juu ya mpira, na kompyuta mbili kuukuu za Safia mwenyewe zikakohoa, zikawaka. Bodi ya Laban ikabaki kimya.

Safia aliangalia waya. Umechomekwa. Akachukua bisibisi, akagusa pini mbili, bodi ikaamka vizuri, haina neno. Alikuwa ameshaanza kugeukia kitu kingine mkono ulipomsimamia hewani. Aliutazama. Aliitazama bisibisi ndani yake. Wakhisi, aliyekuwa hapo, anasema alimwona akigeuka rangi usoni, na hakuelewa kwa nini.

Aliung'oa waya ukutani. Akangoja. Akaurudisha. Kimya. Akagusa pini, akaingia kwenye menyu, akautafuta ule mstari wa stima kupotea na kurudi. Kwenye hii pia alikuwa ameuwasha, na bado ulikuwa umewashwa, umeandikwa vizuri kabisa. Akang'oa waya tena, akarudisha tena. Bodi ikamtazama tu. Ule mstari ulikuwa pambo. Waliotengeneza bodi waliuandika kwenye menyu kwa sababu bodi nyingine zinao, lakini nyuma yake hawakuweka chochote.

Alimpigia Beldina. Nambari haipatikani. Matanga, simu zimeisha chaji, nani atakumbuka chaji siku ya kumzika dada. Akapiga tena, na tena, huku anateremka ngazi, buibui limenasa kwenye msumari, akalirarua bila kusimama. Pikipiki aliyoipata ilimwomba nauli ya wizi, akapanda bila kubishana, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Njia nzima alikuwa akijiambia labda Ogal stima haikupotea. Labda imepotea na haijarudi, kwa hiyo hata bodi nzuri isingesaidia. Mtu akiogopa anatafuta hata msiba mdogo auchukue badala ya mkubwa. Walipopita Kisian akaona taa ya duka inawaka mchana kweupe, akampigia kelele mwenye pikipiki aongeze mwendo.

Uani kwa Beldina taa ya nje ilikuwa inawaka. Stima ilikuwepo. Kitu ambacho hakikuwepo ni sauti ya pampu.

Owiti alikuwa palepale na wavu wake. Akamkaribisha vizuri, akamwuliza habari za mjini. Alisema ndiyo, stima ilipotea mapema asubuhi, ikarudi bado asubuhi, na mashine imepumzika tangu wakati huo. Yeye hakuigusa. Beldina alimwambia asishike kitu, mashine inajua yenyewe wakati wa kupuliza na wakati wa kunyamaza. Alilisema hilo kwa heshima kabisa, mzee wa watu.

Kibanda kilikuwa na kufuli, na ufunguo uko Sondu, shingoni mwa Beldina. Safia akamwambia Owiti avunje, kwa chochote, haraka. Mzee akashtuka, akasema hiyo ni nyumba ya mtu. Safia akampigia kelele ambayo haikumfaa mwanamke kumpigia mtu wa umri ule, na Owiti akainuka kutafuta chuma.

Yeye akakimbilia matangi. Katika lile la karibu na mlango samaki walikuwa wamepanda juu wote, wakubwa, midomo nje ya maji, wakifungua na kufunga. Walikuwa wanatoa sauti. Safia hakujua samaki wana sauti. Ilikuwa kama watu wengi wanaokunywa uji wa moto. Alichukua beseni, akachota maji, akayamwaga kutoka juu ili yapigane na hewa, akachota, akamwaga. Alikimbilia lile tangi la pili, akachungulia. Kule kulikuwa kimya. Hakuna mdomo juu, maji yametulia. Akamshukuru Mungu kwa sauti, akasema angalau hawa wana nafuu, akarudi kwa wale wanaolia. Akachota, akamwaga. Mabega yalimwaka, maji yalimlowesha hadi kifuani, mtandio ukamwanguka akaukanyaga, na wingu juu ya ziwa lilikuwa halijasogea hata kidogo. Nyuma yake Owiti alikuwa anagonga kufuli, anapumzika, anagonga.

Kufuli lilipoachia, Safia alitupa beseni, akaingia, akabonyeza kitufe. Mashine ikawaka mara moja. Ilikuwa nyepesi, ilikuwa ya haraka, kama alivyomwambia Beldina. Ikasoma kijiti, ikaona hewa hakuna, ikawasha pampu zote mbili, na maji yakaanza kuchemka mapovu pande zote. Tangi la karibu, midomo ikaanza kushuka polepole, mmoja mmoja. Tangi la pili, mapovu yaliposukuma maji kutoka chini, ndipo walipopanda. Walipanda wote, ubavu juu, weupe, wamejaa uso wa tangi mpaka maji hayaonekani. Safia aliingia ndani na nguo zake. Aliwashika mmoja mmoja, akawa anawapeleka mbele na nyuma kwenye mapovu, anawafungua matamvua kwa kidole, anawaambia maneno. Owiti alimwacha. Mvua ilipoanza kunyesha ndipo alipomshika mkono akamtoa.

Hakurudi mjini. Alikaa pale, kwa mke wa Owiti, mpaka Beldina aliporudi Jumapili, bado amevaa nguo za matanga, sauti imekauka kwa kulia. Owiti alikuwa ametaka kumlaki njiani amwambie taratibu. Safia akasema hapana, atasema mwenyewe. Akasema yote, amesimama uani: bisibisi, betri, ule mstari ambao haukuwa na kitu. Hakujitetea. Beldina alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, kwa upole, kana kwamba anauliza mgeni amepita njia ipi.

"Ulianza na tangi gani?"

Safia akaonyesha lile la karibu na mlango. Pampu zilikuwa zinaunguruma vizuri, na ngege wakubwa walikuwa wakizunguka ndani yake kwa afya tele.

"Hao ni madume," Beldina alisema. Akavua viatu vya matanga, akachukua mkebe wa chakula, akaanza kuwalisha.